Kisa cha Land Cruiser HZJ80 iliyoanza kutikisika mbele baada ya kunyanyuliwa inchi mbili

Gari yenyewe ni Land Cruiser HZJ80 ya 1994, injini 1HZ, dizeli ya silinda 6, lita 4.2, haina turbo, gia za mkono, frihabu za kuzungusha kwa mkono kwenye tairi za mbele. Mtaani wengi wanaziita VX hata kama kibati kinasema GX. Mwenye nayo ni mama mmoja hapa Arusha mwenye kambi ndogo ya mahema upande wa Ziwa Natron, na hii gari ndo inabeba kila kitu, maji, mitungi ya gesi, chakula, na mara nyingine wageni. Yani siyo gari ya kupigia picha wikiendi, ikilala gereji kambi haina maji.

Shida ilikuwa hivi. Uko kwenye lami spidi 70 mpaka 80, ukigonga kiraka au kiungo cha daraja kwa tairi moja ya mbele, usukani unaanza kupiga kulia kushoto wenyewe, mikono miwili haishiki, dashbodi inatikisika, vioo vinatikisika, na haiachi mpaka upunguze mwendo kabisa au usimame. Ukiondoka tena gari imetulia. Unaweza kwenda kilometa nyingi hamna kitu, unaanza kuamini imepona, afu ghafla inarudi, na ukiwa na wageni nyuma wanaanza kusali. Hii si ishu ya kuvumilia, kwenye lami ya magari mawili na fuso inakuja mbele yako hiyo ni ajali inasubiri siku.

Historia yake. Alinunua gari ikiwa imelala, koili springi za zamani zimechoka, nyuma chini kabisa. Gereji ya kwanza ikamnyanyulia kwa spesa za alumini za milimita 50 zilizochongwa kwa fundi wa vyuma, zikawekwa juu ya springi zilezile zilizochoka, shokapu zilezile, na tairi zikatoka 275/70R16 zikaenda 285/75R16 ambazo ndo tunaziita 33. Ikapendeza sana kwa macho. Haikupita muda mrefu ikaanza kutikisika. Akarudi pale pale wakamfunga dampa mpya ya stelingi, yani shokapu ndogo ya usukani, ikatulia kwa muda, ikarudi. Gereji ya pili wakabadilisha tairodi endi zote nne, vile viungo vya mwisho wa fimbo za usukani, wakafanya balansi, wakafanya alaimenti, bado. Kisha kuna mtu akamshauri afunge dampa mbili.

Alipokuja kwangu aliniambia neno ambalo nimeliweka moyoni. "Mwanangu, nimeshalipa mafundi wawili. Sitaki kulipia kubahatisha tena. Kama kuna kitu kibovu nionyeshe kwa macho yangu ndo tununue." Nikamwambia sawa Mama, basi tukae wote chini ya gari. Na kazi yote tuliifanya hivyo, hakuna spea iliyonunuliwa kabla hatujaona ile ya zamani imekufa wapi.

Kabla sijaenda kwenye spana nieleze kwanza nini kilitokea pale gari iliponyanyuliwa, maana wengi wanasema "lifti imeharibu gari" na wengine wanasema "lifti haina shida fundi ndo mbovu", na wote wanaruka jambo lenyewe.

Ekseli ya mbele ya 80 ni bomba moja zima, imeshikwa na mikono miwili mirefu ya chuma inayotoka kwenye chasisi nyuma kwenda kwenye ekseli mbele. Kila mkono umefungwa kwenye ekseli kwa bolti mbili zenye bushi, kwa hiyo mkono na ekseli ni kama kitu kimoja, mkono ukibadili mwinamo ekseli inazunguka nao. Sasa ukinyanyua bodi na chasisi inchi mbili, kule nyuma mkono unapanda, mbele unabaki chini, na ekseli inajizungusha kuelekea mbele. Matokeo yake kingpini, ule mhimili ambao tairi inakatia kona, ambao kiwandani umelazwa nyuma kidogo, unasimama wima. Huo mwinamo wa kulala nyuma ndo kasta. Fikiria baiskeli, ule uma wa mbele umelala, ndo maana unaweza kuachia mikono na ikaenda yenyewe, uma ukisimama wima huwezi kuachia hata sekunde. Kasta ndo inarudisha tairi katikati kila linapogongwa. Kwenye 80 ya kiwandani iko kama digrii 3, na kwa makadirio ya kazini unapoteza karibu digrii moja kwa kila inchi unayonyanyua. Inchi mbili zimekula sehemu kubwa ya kile kilichokuwa kinashikilia gari.

Lakini hapo ndo penyewe, kasta ndogo peke yake haitikisi gari namna ile. Gari yenye kasta ndogo inazurura, usukani unakuwa mwepesi, haurudi wenyewe baada ya kona, unarekebisha rekebisha njia nzima mpaka mabega yanauma. Ili itikisike kwa ule ukatili lazima kuwe na ulegevu mahali fulani kati ya tairi na chasisi, na lazima tairi iwe na uzito wa kuendeleza mtikisiko. Hii gari ilikuwa na ulegevu wa miaka mingi, kasta ya kiwandani na tairi nyepesi zaidi vilikuwa vinauficha. Lifti na tairi za 33 ziliondoa kifuniko. Kwa hiyo ukitoa spesa tu gari ingeweza kutulia, na ingekuwa bado mbovu vilevile, na hicho ndo kitu nilichotaka Mama akione.

Cha kwanza nilichofanya ni kuitoa dampa ya stelingi. Dampa kazi yake ni kupunguza kishindo cha mawe kisifike mkononi, siyo kuizuia tairi isitikisike. HZJ80 nzima inatakiwa iende lami salama hata dampa ikiwa imetolewa. Ukiiacha wakati unakagua inakudanganya, inameza ule mchezo mdogo unaoutafuta.

Tukawasha injini gari ikiwa chini imekanyaga, kijana akakaa ndani akawa anapiga usukani kulia kushoto kidogo kidogo kwa haraka, mimi na Mama tukalala chini na tochi. Hapa unashika kila kiungo kwa mkono, macho hayatoshi, vidole vinahisi kabla macho hayajaona. Tairodi endi zilikuwa nzima kweli, gereji ya pili walifunga vitu vizuri, hela yake haikupotea yote. Stelingi boksi, ile gia ya usukani, imefungwa vizuri kwenye chasisi, hakuna ufa pale, na nasisitiza uangalie hapo kwa sababu chasisi ya gari iliyokula rasta, yale matuta madogo madogo ya barabara ya vumbi, miaka mingi inaweza kupasuka kuzunguka boksi na usione mpaka usafishe tope kwa brashi ya waya.

Panhadi rodi ndo ilikuwa ya kwanza kujisaliti. Hii ni ile fimbo ndefu inayoshika ekseli isiende kulia wala kushoto. Usukani ukipigwa, bolti ya upande wa ekseli ilikuwa inatembea ndani ya tundu lake. Siyo bushi tu, tundu la breketi lenyewe lilikuwa limeliwa, limekuwa refu kwa upana. Mama aliliona mwenyewe bila kuelekezwa, akasema "hii si inacheza?" Inacheza Mama. Bushi ya mpira ikikauka bolti inalegea, bolti ikilegea chuma kinakula chuma, na hapo hata uweke bushi mpya ya bei gani, bolti itaendelea kutembea.

Tukanyanyua tairi moja moja kwa jeki, stendi chini ya ekseli. Shika tairi juu na chini, vuta na sukuma. Kushoto ikacheza, kulia ikacheza kidogo. Sasa hapa kuna ufundi mdogo ambao natamani kila mwenye gari ya ekseli nzima aujue, hauna gharama. Mtu mwingine akanyage breki, wewe endelea kutikisa. Mchezo ukiisha breki ikikanyagwa, ni beringi za habu, pale tairi inapofungwa. Ukibaki, ni beringi za kingpini ndani ya naki, ile nyumba ya chuma mwishoni mwa ekseli inayogeuka pamoja na tairi. Yetu ilipungua breki ikikanyagwa, haikuisha. Maana yake zote mbili.

Nikachomoa tairodi na draglinki, zile fimbo za usukani, kwenye mikono ya naki ili naki izunguke huru, nikamwambia Mama azungushe mwenyewe polepole kutoka kulia kwenda kushoto. Ilipofika katikati, pale ambapo tairi inaelekea mbele moja kwa moja, ikanasa kidogo, tik, kisha ikaendelea. Kila ikipita katikati inanasa. Hiyo ni beringi ya kingpini ambayo rola zake zimechimba vijishimo kwenye kikombe chake. Gari inakaa muda mwingi ikielekea mbele, rasta zinagonga gonga rola zikiwa palepale, miaka inapita, na vijishimo vinapatikana katikati tu. Ukikata kona unahisi beringi nzima, ukinyoosha njia inakaa kwenye shimo. Na grisi ikiwa imeisha nguvu kazi hiyo inakwenda haraka zaidi.

Kwenye hii gari grisi ilikuwa imekwisha kabisa. Tulipofungua naki ya kushoto ilitoka oili nyeusi nyembamba badala ya grisi. Oili ya difu imepita kwenye sili ya ndani ya ekseli ikaingia kwenye naki ikayeyusha grisi ya jointi na ya beringi za kingpini, na kwenye difu kulikuwa kumepungua. Wengi wakiona hivi wanafunga sili mpya wanaondoka, ikirudi wanalaumu sili feki. Sili feki zipo, nyingi sana, lakini kwanza angalia briza ya difu. Ile ni kitundu kidogo juu ya bomba la ekseli kinachoruhusu hewa kutoka difu ikipata moto. Yetu ilikuwa imezibwa na tope lililokauka likawa gumu. Difu inapata moto, hewa inapanuka, haina pa kutokea, inaisukuma oili kupita kwenye sili. Na ukiingia mtoni difu ikiwa ya moto inapoa ghafla, inavuta, na kama haina pa kuvuta hewa inavuta maji kwenye sili hizohizo. Kwa hiyo hapa matengenezo na modi, yani kuboresha gari, vilikuwa kitu kimoja, tuliunganisha hosi kwenye briza za mbele na nyuma tukazipandisha juu, ya mbele imeishia sehemu ya injini karibu na ukuta. Ni hosi na vibano tu, na kwangu hii ndo modi ya kwanza kwa gari yoyote ya porini, kabla ya taa na kabla ya bampa.

Kabla ya kufunga sili mpya pitisha kidole kwenye shafti pale ambapo mdomo wa sili unakaa. Ukihisi mfereji, sili mpya itavuja vilevile. Yetu ilikuwa laini, tukashukuru.

Beringi zote za naki na za habu, pande zote mbili, tukabadilisha na vikombe vyake. Usiweke beringi mpya kwenye kikombe cha zamani, hapo naomba msibishane na mimi. Na tulinunua za kampuni ya Kijapani kwenye duka ambalo wenye magari ya utalii wananunua, kwa sababu Arusha hii Land Cruiser zinazokwenda mbugani ni nyingi na wenye maduka wanajua mteja atarudi na kifaa mkononi. Seti nzima ya naki za pande zote mbili ni hela ndogo ukilinganisha na alichotoa kwenye tairi nne za 33. Hili lilimuuma Mama, nikamwambia usiumie, tairi unazo na tutazitumia.

Ufungaji wa naki ndo kazi yenyewe ya kisa hiki, kwa hiyo nakaa hapa kidogo. Beringi ya kingpini haifungwi kwa kubana mpaka basi. Kuna shimsi, vipande vyembamba vya chuma, juu na chini, na unavipanga ili beringi iwe na ugumu maalumu. Unafunga naki tupu, bila shafti na bila zile sili za kufutia lile tufe la chuma la naki, unachukua mizani ya springi yenye ndoano, unaishika kwenye tundu la mkono wa naki ambapo tairodi inafungwa, unavuta, unasoma uzito unaohitajika kuifanya naki ianze kuzunguka. Toyota wanataka kilo 3 mpaka 6. Ya kushoto ilipokuwa na beringi za zamani haikufika hata kilo moja. Ukitoa shimsi inaongezeka ugumu, ukiongeza inalegea, na shimsi za juu na chini usizichanganye kwa sababu zinaweka pia naki katikati ya ekseli. Nilimpa Mama mizani avute mwenyewe kabla na baada. Alipoona sindano imetoka chini ya moja ikaja karibu na tano alikaa kimya, kisha akasema "kwa hiyo hapa ndo gari yangu ilipokuwa inachezea." Sehemu kubwa ndiyo.

Habu nazo zilikuwa zimefungwa kwa patasi na nyundo, nati zote zina alama. Nati za beringi za habu kwenye 80 zinataka boksi spana ya 54, siyo ghali, na fundi yeyote anayegusa Land Cruiser awe nayo. Patasi haiwezi kukupa kipimo. Ukibana sana beringi inaungua njiani, ukilegeza unapata kile kile tulichokuwa tunakikimbia.

Na kitu kingine tulikikuta wakati wa kufungua, nati mbili kati ya zile zinazoshika mkono wa stelingi kwenye naki ya kushoto zilikuwa zimelegea. Zile studi zikilegea zinakatika, na zikikatika huna usukani. Hii ilinitisha kuliko ule mtikisiko wote. Tulitoa studi zote, tukasafisha, tukaweka mpya na zile washa za koni mpya, tukabana kwa spana ya kupima. Mwenye 80 au Land Cruiser mkonga asome hii mara mbili, kila ukitoka safari ya rasta ndefu weka spana kwenye hizo nati.

Tundu la panhadi tulilipeleka kwa fundi wa kuchomelea, akaweka bamba nene lenye tundu la saizi halisi ya bolti pande zote mbili za breketi, bushi mpya, bolti mpya. Hilo limeisha.

Sasa ndo tukaja kwenye lifti. Kwa maoni yangu spesa juu ya springi iliyochoka ni kunyanyua ugonjwa. Springi haiongezi nguvu ya kubeba, inasogezwa tu, na shokapu ambayo urefu wake ni wa gari ya kawaida inafika mwisho wake tairi ikiwa bado inataka kushuka shimoni. Tairi ikining'inia haishiki ardhi, na porini hiyo ndo faida uliyotaka kuipata ukanyanyua gari. Kwa hiyo spesa zilitoka, zikaja koili mpya za kunyanyua milimita 50 na shokapu ndefu zinazoendana nazo.

Uchaguzi wa springi tulibishana kidogo. Mama alitaka nzito kabisa nyuma kwa sababu ya maji. Nikamuuliza unabeba kiasi gani, akasema madumu 30 ya lita 20. Hizo ni kilo 600 za maji peke yake, ongeza mitungi, chakula na watu watatu, unakaribia au unapita uwezo wa gari nzima, siyo wa springi. Springi nzito haiongezi uwezo wa breki wala wa chasisi. Na akirudi tupu kutoka Natron gari itamrusha kwenye rasta njia nzima. Tukakubaliana springi za mzigo wa kati nyuma, maji yagawanywe safari mbili, na lile wazo la tanki juu ya keria alifute kabisa, uzito juu ya paa kwenye gari iliyonyanyuliwa na njia ya makorongo yenye mwinamo hapana.

Kurudisha kasta tulitumia bushi zenye tundu lililohama katikati, zinaingia kwenye ile mikono miwili upande wa ekseli, kwa lifti ya inchi mbili zinatosha, ukipanda zaidi unahitaji breketi au mikono mingine. Zinaingizwa kwa presi na zina mwelekeo, zina alama. Ukiziweka kinyume zinapunguza kasta badala ya kuongeza, na gari itakuwa mbaya kuliko ulivyoanza. Weka alama ya chaki kwenye mkono kabla hujapeleka kwenye presi, msimamie fundi wa presi mpaka amalize. Mashine ya alaimenti ilionyesha kasta chini ya digrii moja wakati wa spesa, na baada ya kazi ikasoma mbili na nusu hivi pande zote. Na mbele ya tairi tukaziacha zimebanana kidogo tu kuliko nyuma, milimita moja au mbili.

Mambo mawili ya breki ambayo watu wanaonyanyua 80 wanayasahau. Moja, hosipaipu za breki kutoka chasisi kwenda ekseli, tairi ikishuka mpaka mwisho hosi isivutike. Nyanyua chasisi tairi zining'inie zote uone kwa macho. Zetu za nyuma zilikuwa zimenyooka kabisa, tukaweka ndefu. Mbili, kuna valvu kwenye chasisi nyuma yenye fimbo inayoshuka kwenye ekseli, inapima gari imelala kiasi gani ili ijue ipeleke breki kiasi gani tairi za nyuma. Ukinyanyua gari, valvu inaona ekseli iko mbali, inafikiri gari iko tupu, inapunguza breki za nyuma, wakati wewe umebeba madumu 30. Mama alikuwa analalamika breki zimekuwa nzito tangu lifti na aliambiwa ni tairi kubwa. Tairi zina mchango wake lakini tulipoweka kipande cha kurefusha breketi ya ile fimbo, breki ikarudi kuwa breki.

Tairi za 285/75R16 zina kipenyo kikubwa kwa asilimia 5 hivi kuliko za 275/70R16. Spidi ikisoma 100 wewe uko 105. Na 1HZ bila turbo haikuwa na haraka tangu mwanzo, sasa kila gia imekuwa ndefu kidogo, kwa hiyo kwenye mlima shuka gia mapema, usiisukume injini kwenye gia ya tano ikipumua moshi. Aliniuliza kama tufunge turbo. Nikamwambia siyo kwenye injini hii kabla ya kupima kompresheni, kusafisha rejeta na kujua mkanda wa taiming umebadilishwa lini, maana 1HZ ni ya mkanda na mkanda una kilometa zake, 100,000. Hakukuwa na kumbukumbu yoyote, kwa hiyo mkanda tulibadilisha na turbo tukaacha.

Majaribio tulianza na lami ya Arusha kwenda Makuyuni, dampa bado haijafungwa. Nilitafuta viungo vya madaraja na viraka kwa makusudi, tairi moja moja, spidi 60, 70, 80. Usukani ulipiga mara moja ukatulia. Mama alishika usukani kurudi, na alipopita kwenye daraja ambalo lilikuwa linamtesa aliendelea kuongea habari za mjukuu wake bila kukatisha. Baada ya hapo ndo tukafunga dampa.

Kisha Mto wa Mbu, Engaruka, mpaka kuelekea Ngare Sero, ile njia ya rasta, mchanga wa majivu ya volkeno na makorongo. Upepo tulishusha kwenye 22 psi tulipoacha lami, na hii inaokoa beringi na shokapu kuliko springi ya bei yoyote, ila uwe na pampu ya kurudishia, usiingie lami na upepo huo. Kwenye vumbi lile la Natron angalia filta ya hewa kila ukifika. Kila tuliposimama nilishika habu kwa kiganja, vuguvugu ni sawa, ukishindwa kuweka mkono kuna beringi imebanwa sana. Ya kulia ilikuwa na joto kidogo kuliko ya kushoto, tuliporudi nikafungua nikalegeza kidogo sana, sasa ziko sawa.

Kilichobaki ni stelingi boksi, ina mchezo mdogo katikati. Ile skrubu ya juu sijaigusa, wengi wanaikaza wakidhani wanatengeneza, boksi inakuwa ngumu katikati na inaliwa haraka. Ikizidi itafunguliwa ipewe sili na beringi. Mama anataka pia bampa la chuma na winchi mwakani, na nimeshamwambia siku hiyo springi za mbele zitapigiwa hesabu upya na alaimenti itarudiwa, kwa sababu uzito ule utaishusha pua na kila kipimo tulichoweka kitahama.

Kwa wenye 80 ya full-time, ile ambayo propela ya mbele inazunguka muda wote, kuna kitu kisa hiki hakikugusa. Ukirudisha kasta unaizungusha ekseli nyuma, na mdomo wa difu ya mbele unashuka, propela inapata pembe mbaya zaidi na inaweza kuleta mtetemo mdogo unaopanda na spidi. Huo siyo ule mtikisiko wa usukani, usianze kufungua naki kwa ajili yake. Toa propela ya mbele, funga difloki ya katikati (kufuli ya difu iliyo kati ya mbele na nyuma), endesha taratibu kilometa chache kwenye barabara ya vumbi. Ukiisha, umeshajua pa kuanzia.